Usiguse

Kiingilio elfu mbili, mtoto buku.
Mama akauliza kama aliyewahi kufanya kazi humo ndani
naye analipa.
Kijana wa mlangoni, Lubango, akacheka,
akakata tiketi tatu.

Ni ghala tu, Ilemela, jirani na uzio wa uwanja,
bati lake linalia likipata jua,
na katikati ndege imewekwa juu ya magogo,
matairi yametolewa,
kama ng'ombe aliyepigishwa magoti.
Kibao kinataja uzito wake, urefu wa bawa,
mwaka iliyoundwa, jina la rubani wa mwisho,
tani za minofu ya sangara ilizopeleka nchi za baridi.
Nilikisoma kwa sauti. Mama hasomi bila miwani
na miwani aliiacha makusudi.
"Endelea."
"Kimeishia hapo, Mama."
"Hm."

Miaka kumi na tisa aliingia humu na ndoo
mizigo ikishashuka,
akatoka kabla injini haijawashwa.
Harufu ya samaki alirudi nayo kwenye mikunjo ya kitenge;
paka wa Kirumba walimpokea kona ya kwanza,
sisi tulimpokea ya pili.
Mama, mawingu yakoje kwa juu?
Naye: sakafu yake ina ribiti mia nne na kitu,
zote nimezipitia kwa brashi.

Shija, mwanangu, alishakimbilia chumba cha anga za juu:
mwezi wa plasta, roketi ya bati,
na nyuma ya kioo nguo ya mwanaanga, ya kuigiza,
nyeupe kama jino la maziwa.
"Bibi, huyu akibanwa na haja anafanyaje?"
Mama aliizunguka ile nguo,
akaikagua kwapani, magotini, kwenye kosi,
kama yuko Mlango Mmoja anachagua mtumba.
"Hilo dogo," akasema.
"Uliza nani aliifua."

Lubango akatueleza kwamba nyayo za mwezini bado zipo,
upepo hakuna, mvua hakuna,
hakuna cha kuzifuta.
Alitegemea tushangae. Shija alishangaa.
Mama alitikisa kichwa taratibu,
kama mtu aliyeingia sebuleni asubuhi
akakuta wageni wamekula, wameondoka.

Tukapanda ngazi, ndani ya ndege sasa.
Mimi nilinusa vumbi na rangi mpya.
Yeye aliinama, akafumba macho.
"Ipo bado," akasema,
na sikujua kama ni malalamiko.

Mbele, kwenye viti vya marubani, kuna kamba nyekundu,
na juu ya kamba neno moja: USIGUSE.
Kioo kilikuwa na madoa meusi, mamia,
wale wadudu wa ziwa wanaoinuka kama moshi majini,
wamekauka pale tangu safari ya mwisho,
hakuna aliyewahi kuwafikiria.
Mama aliipita kamba kama kamba ya kuanikia nguo.
Akalowesha pembe ya khanga kwa mate.
"Hawa huwasugui wakavu. Unawalainisha kwanza."

"Mama, hairuhusiwi."
"Ndiyo, baba," alijibu, kwa heshima zote,
na mkono ukaendelea kuzunguka
hadi duara likafunguka, kubwa kama sinia:
nyasi, njia ya kurukia, mawe yaliyobebana,
kisha ziwa, kipande,
na ndege ya mchana ikishuka, magurudumu yamening'inia.
Shija alipunga mikono yote miwili.
Mama alikuwa anaikunja pembe iliyochafuka, kwa ndani,
isionekane njiani.

Mlangoni kuna daftari la wageni.
Jina. Utokako. Maoni.
Aliomba kalamu mwenyewe, akainamia karatasi
hadi pua ikaigusa karibu,
akaandika jina lake lote, Mbuke Malugu Ndaki,
akaruka safu ya pili,
na kwenye maoni, kwa herufi za kupigia bango:
MADIRISHA.